Kushika si Kubana

Alikuja saa nane, jua limelalia mabati ya Mabatini,
akasimama kibarazani pangu kama mtu aliyekosea nyumba.
Lutobeka, kuli wa bandari ya kusini,
shingo nene, sauti ndogo.
Akasifu cherehani. Akasifu mvua ya juzi.
Akauliza bei ya kukunja suruali,
na suruali hakuja nayo.

Nilimwacha azunguke.
Mwanamume mwenye neno la chini ya mkanda
hulileta kwa njia ya milimani.

Mwishowe: "Mwaka jana nilipasuliwa ngiri.
Daktari kasema nivae kitu cha kunishika.
Za mtumba zinabana, za dukani zinalegea,
nikiwa na gunia begani natembea kama bata."

Nikampa futi apime mwenyewe, nikageukia ukuta.
"Kiuno. Nyonga. Paja, pale lilipo nene.
Sasa ipitishe katikati, mbele hadi nyuma, usivute."
Akataja namba kama anayekiri deni.

Sikumcheka.
Nimeshona magauni ya harusi hata sihesabu,
nikatia ndani vikombe na sponji na vijiti,
nikijua kila titi lina uzito wake na upande wake.
Mbona hawa tuliwakatia pembe nne na mpira,
tukasema, haya, kaeni humo?

Ya kwanza niliichora kwenye mfuko wa saruji.
Mshono ukapita katikati, penye barabara kuu ya jasho.
Siku ya tatu akairudisha, kaifua, kaifunga kwenye gazeti.
Hakusema kitu. Alitembea tu mbele yangu
mpaka mtaroni na kurudi,
nikaelewa.

Ya pili mpira ulikuwa na hasira.
Ukamwachia kiunoni alama kama njia ya siafu.

Usiku ule umeme ulikatika.
Nikakaa nyuma ya nyumba, penye yale mawe mawili
ambayo baba mkwe aligoma kuyapasua alipojenga.
La juu ni kubwa kuliko vyumba vyetu vyote.
La chini halikulikumbatia, halikulifunga kamba,
limebonyea tu kidogo, pale pale panapotakiwa,
na la juu limekaa.
Nikasema kwa sauti, mbuzi wa jirani akageuka:
kushika si kubana.

Asubuhi nikakata upya.
Kifuko cha mbele vipande viwili, vimepinda kama ganda la karanga.
Mishono nikaihamishia pembeni, isikutane na paja.
Kwenye msamba nikatia kiraka cha umbo la kashata
ili mguu upande ngazi ya meli bila kuomba ruhusa.
Mpira mpana, mpole, nikauvisha kitambaa.
Na kitambaa ni pamba, nilisaka duka kwa duka
mpaka nikapata isiyochanganywa na nailoni.

Kaka yangu analima pamba Magu.
Hajawahi kuivaa ikiwa mpya.
Inaondoka nyeupe juu ya lori,
inarudi ndani ya robota, imechakaa makalioni,
kiunoni imeandikwa jina asilolijua.

Wiki ikapita. Ya pili nayo.
Nikasema, basi, huyu kaenda kwa fundi mwingine,
au karudi kutembea kibata.

Jumamosi nikasikia kengele ya baiskeli.
Sato wawili wananing'inia kwenye usukani, bado wabichi.
Akauliza hali ya cherehani.
"Cherehani haijambo. Wewe je?"
Akajikuna shingo.
"Jana tumepakia mahindi ya Ukerewe tangu alfajiri.
Kufika saa kumi nilikuwa nimesahau."
"Umesahau nini?"
"Kwamba nimevaa."

Akaagiza sita. Nyeusi, kwa sababu ya vumbi.
Nyuma yake alikuwepo kijana mmoja, Ng'holongo,
hajatambulishwa, hajasalimu,
macho yake yako kule juu kwenye mawe.
Nikavuta kigoda, nikamwambia kaa.
Akakaa kwa tahadhari, upande upande,
akaanza kusifu mvua.